Bendera ya Kwapani

Jumapili, 6 Juni 1954. Tangini, Kibaha.
Wali wa Idd haujaisha nyumbani na tayari tumepata sikukuu nyingine. Leo yamefunguliwa mashindano ya pikipiki huko Kisarawe, ya kwanza kati ya matano ya msimu huu. Naanza kuandika ili mwisho wa msimu niwe na kumbukumbu kamili ya ushindi wa Matano, mwendeshaji wetu, maana rafiki yangu Pazi, mshona nguo, husahau, na akisahau hutunga.

Matano ni mtoto wa Kisarawe, fundi, na duka moja la Dar es Salaam linamlipa akimbie kwa jina lao. Waendeshaji wote kumi na wawili ni watu wa kulipwa: Wahindi, Wazungu wawili, na mafundi weusi kama yeye. Wanaachiwa mmoja mmoja kila baada ya dakika mbili, halafu saa ndiyo inayoamua nani ameshinda. Kwetu sisi ni mmoja tu. Bibi yangu, ambaye mpaka leo anaiita ile mashine tukutuku, alikaa barazani kwake Kisarawe tangu alfajiri ili amwone Matano akipita.

Matano wa kwanza. Mihambo wa pili. Tumerudi juu ya lori la mkaa, weusi kama masufuria, tukiimba.

Jumatano, 9 Juni
Kazini. Mimi ni karani wa genge la barabara: naandika mahudhurio ya vibarua na kupeleka habari za mahali palipobomoka. Leo hawakuja watatu.

Jumamosi, 19 Juni
Pazi ametushonea kofia za kijani, rangi ya pikipiki ya Matano. Mimi nimekataa yake, navaa yangu nyeupe ya harusi. Pazi kanuna.

Jumapili, 27 Juni
Mlandizi. Mihambo wa kwanza, Matano wa pili.

Huyu Mihambo ni Mnyamwezi wa Tabora, naye anakimbia kwa kulipwa na duka jingine la Dar. Wanyamwezi na sisi Wazaramo ni watani tangu babu zao walipokuwa wakishuka pwani na mizigo mabegani. Mtani anaweza kukutukana, kukunyang'anya sahani, kukucheka hata msibani, na wewe huruhusiwi kukasirika.

Baada ya mbio alinikuta nimesimama na mke wangu Mwanahalima. Akaniuliza kabila, nikamwambia. Hapo hapo akanivua kofia, akaipangusia mafuta kwenye tangi la pikipiki yake, akanirudishia kichwani mbele ya umati.

"Mtumwa wangu huyu!" akapaza sauti. "Babu yangu alimnunua babu yake kwa kijiko cha chumvi, na chumvi yenyewe ilikuwa na mchanga!"

Watu wakaangua kicheko. Mwanahalima alicheka mpaka akashika mbavu. Nami nikasema babu yake hakuwa mbeba mzigo, alikuwa mzigo wenyewe, lakini sauti yangu ilikuwa ndogo na hakuna aliyesikia. Nikacheka pamoja nao. Mtani hakasiriki.

Jumanne, 29 Juni
Mwanahalima ameifua kofia mara mbili. Doa liko pale pale. Anasema nitapata nyingine, na akisema hivyo midomo inamcheza.

Jumapili, 18 Julai
Kiluvya. Mihambo tena. Sasa yeye mbili, Matano moja. Sikula. Mtu mzima, nina mtoto wa miaka sita, nimeshindwa kula kwa sababu ya pikipiki. Mihambo alinipungia mkono kutoka mbali, "Mtumwa wangu!" Nikajifanya natafuta kitu mfukoni.

Jumatatu, 2 Agosti
Mwenyekiti wa kamati ya mashindano, Mzungu wa shamba la mkonge, amenitembelea kazini. Mbio za nne zitatoka Kisarawe mpaka Kibaha, zitapita juu ya kalavati la Sofu ambalo tumelifungua na kulifukia upya. Anataka nisimame pale na bendera nyekundu kuwaonya waendeshaji. Amesema: "Nimeuliza mtu mwaminifu ni nani, wote wakasema Maneno karani." Nimekwenda nyumbani kifua mbele.

Jumanne, 10 Agosti
Idd kubwa. Nyama ya mbuzi.

Jumapili, 15 Agosti
Matano wa kwanza. Mihambo ameanguka kwenye kalavati. Siandiki zaidi.

Jumatatu, 16 Agosti
Nimesema nina homa, sikwenda kazini. Naandika ukweli hapa kwa sababu hakuna mahali pengine nilipousema.

Jana asubuhi lori la magogo lilipita Sofu, udongo ukatitia upande wa kushoto wa kalavati, pakawa na shimo la kufika gotini. Hapakuwa na muda wa kufukia. Kazi yangu ilikuwa moja: kila pikipiki ikitokeza kwenye mteremko niinue bendera, mwendeshaji apunguze, apite kulia. Pazi alikuja kunisindikiza, akakaa hatua mia hivi kutoka pale na birika lake la kahawa.

Saba walipita. Niliinua bendera mara saba, wakapunguza mara saba.

Wa nane alikuwa Mihambo. Nilimjua kwa kofia yake ya njano. Alikuwa anakuja kwa kasi kuliko wote waliotangulia, na nikajua kwamba akipita hivyo msimu umekwisha, Matano hamfikii tena. Bendera ilikuwa mkononi. Nikaiweka kwapani. Haikuniponyoka, wala sikusahau. Nilibana bendera kwapani kama mtu anavyobana mwavuli mvua ikikatika, nikasimama natazama. Nilijiambia atarushwa kidogo tu, atapoteza nusu dakika, basi. Uso wake sikuuona, jua lilikuwa machoni mwangu.

Gurudumu la mbele likaingia shimoni. Mlio ulikuwa mdogo, kama mlango wa ghala unavyofungwa. Yeye akaruka mbele, pikipiki ikamfuata, ikamwangukia mguuni, na injini ikaendelea kunguruma huku imemlalia.

Nilikimbia kumwendea, nikaisukuma pikipiki, nikaona mfupa. Alikuwa hana fahamu. Kisha nikasikia injini ya Matano kwa mbali. Nikamwacha Mihambo mchangani, nikarudi mahali pangu, nikainua bendera kwa mikono miwili. Matano akapunguza, akapita kulia, akamtazama mwenzake pale chini, akaongeza mwendo.

Hilo la kwanza pengine ningeweza kulitafutia jina. Shetani, hasira, upumbavu. Hili la pili silipatii jina. Ndani ya dakika mbili nilionyesha kwamba najua kabisa bendera ni ya nini.

Mwenyekiti alikuja na gari. Akaniuliza, "Karani, uliinua bendera?"

"Niliinua, bwana. Labda hakuiona."

Pazi, ambaye muda wote alikuwa amenipa mgongo anamimina kahawa, akadakia bila kuulizwa: "Mimi shahidi, bwana. Aliinua juu kabisa. Yule Mnyamwezi kiburi tu."

Mwenyekiti akaandika.

Jumatano, 18 Agosti
Kazini. Tumefukia shimo la Sofu. Vibarua walikuwa wananipa pole kwa kushuhudia ajali.

Jumapili, 22 Agosti
Mwanahalima amesema mtani akiumia huwezi kukaa nyumbani, ni aibu. Amechinja kuku, tumekwenda hospitali ya Kisarawe.

Mihambo amelala, mguu umefungwa vipande vya mbao. Mkewe Biasha amekaa chini na mtoto mchanga mgongoni. Aliponiona Mihambo akanyanyua kichwa.

"Biasha, ficha viatu vyangu! Mtumwa amekuja kuangalia kama nimekufa arithi."

Nilikuwa nimeazimia njia nzima kwamba nitasema. Nikasema. "Mtani, mimi ndiye niliyekuangusha. Nilikuona unakuja, nikaibana bendera kwapani."

Kwanza akanikodolea macho. Kisha akacheka, akacheka mpaka akaushika mguu kwa maumivu, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka naye. "Mmesikia? Mzaramo ananiua, halafu ananiletea kuku!"

Ningeweza kusema, hapana, sikutania. Maneno hayo mawili tu. Sikuyasema. Nilicheka.

Halafu yeye akashusha sauti. "Lakini nisamehe, mtani, nimekuaibisha. Umesimama juani kwa ajili yetu, na mimi nikapita bendera. Sikumbuki kitu. Nakumbuka kuondoka Kisarawe, kisha nakumbuka dari hii. Miaka sita sijapita bendera hata moja. Sijui macho yangu yalikuwa wapi."

Nikamwambia asijali.

Njiani kurudi tukakaribia nyumbani. Ndipo Mwanahalima akasema, "Baba Zena, mtu anayetania hatoki jasho."

Jumatatu, 30 Agosti
Hakuna kitu.

Jumapili, 5 Septemba
Wamemkata Mihambo mguu wa kushoto chini ya goti. Kidonda kilikuwa kimeoza. Habari nimeipata kwa dereva wa lori, akanieleza kama anavyoeleza bei ya mihogo. Pazi alikuwepo, akasema, "Masikini," akaendelea kupima suruali ya mteja.

Alhamisi, 9 Septemba
Mabaya zaidi. Duka ambalo Mihambo alikuwa analiendeshea limemwandikia barua. Mwendeshaji asiyetii bendera anawaharibia jina, hawamtaki tena, hata kwenye benchi la ufundi, kutengeneza pikipiki. Na ile kazi ya benchi ndiyo pekee mtu wa mguu mmoja angeiweza. Barua imetaja taarifa ya kamati: karani na shahidi mmoja. Karani ni mimi.

Jumapili, 12 Septemba
Matano amekuja kwangu! Ingekuwa Juni ningeita mtaa mzima. Alikuja peke yake, akaegesha pikipiki ya kijani chini ya mkorosho, akamwamkia mama mkwe wangu aliyekuwa ametutembelea, "Shikamoo, mama," kwa adabu zote. Tulipobaki wawili akavua glavu zake za ngozi akaniwekea mapajani.

"Zawadi yako, karani."

"Ya nini?"

Akatabasamu. "Nimekimbia na Mihambo miaka minne. Yule akiona hata kanga nyekundu kwenye kamba ya nguo anapunguza mwendo. Hakupita bendera yule." Akasimama, akajikung'uta vumbi. "Sisemi kitu. Nakushukuru tu."

Nilikuwa nampenda mtu huyu kuliko ndugu zangu wengine. Nilijua namba ya pikipiki yake, nilijua anapenda chai ya tangawizi, niligombana na shemeji yangu kwa ajili yake. Leo amenishukuru, nami nimejiona kama mbwa aliyemletea bwana wake kuku wa jirani. Na bwana amempokea yule kuku. Glavu nimezitupa chooni.

Jumapili, 26 Septemba
Mbio za mwisho, Kisarawe. Matano wa kwanza, na sasa ndiye bingwa wa msimu. Ngoma, vigelegele, bibi yangu analia kwa furaha. Pazi alibebwa mabegani kama yeye ndiye aliyekimbia. Nami nilipiga kelele. Nilijisikia napiga kelele, sauti ya mtu mwingine ikitoka kinywani mwangu. Hospitali haiko mbali na pale. Lazima Mihambo alitusikia.

Jumapili, 3 Oktoba
Mwanahalima ameniuliza waziwazi. Alikuwa anachambua mchele uani, Zena amekwenda kwa bibi yake.

"Uliinua au hukuinua?"

"Sikuinua."

Vidole vyake vikaendelea na mchele. "Kwa sababu ya Matano?"

Nilitaka kusema ndiyo. Ushabiki una wenzake wengi, mtu hujificha ndani yake. Lakini alinitazama, nikasema, "Na kwa sababu ya kofia. Ulicheka sana siku ile."

Akaweka ungo chini. "Kwa hiyo na mimi nimo?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema." Machozi yalimjaa lakini hayakudondoka. "Nilicheka kwa sababu nilikuwa na furaha, baba Zena. Tulikuwa tumetoka pamoja, mtani wetu anatuchezea, nikajiona mke wa mtu anayejulikana. Wewe ulikuwa unapika hili?"

Nikamwomba anisamehe. Akasema, "Usiniletee mimi mzigo huu. Si mimi niliyekatwa mguu."

Jumanne, 5 Oktoba
Nimekwenda shamba la mkonge kwa mwenyekiti. Nilisimama kwenye zulia lake na viatu vya vumbi, nikasema yote, na safari hii nilisema mara mbili ili pasiwe na utani. Mwenyekiti akaagiza Pazi aitwe.

Pazi akafika na futi yake ya kupimia bado iko shingoni. Akaapa kwamba aliona. Mwenyekiti akamuuliza nilikuwa nimeshika bendera kwa mkono gani. Akasema wa kulia. Akamuuliza yeye mwenyewe alikuwa anafanya nini. Pazi akaanza kutokwa na jasho. "Kumimina kahawa, bwana. Lakini namjua huyu. Ni mwaminifu. Nilijua lazima ameinua."

Hilo lilinichoma kuliko tusi. Pazi alisema uongo, lakini alisema kwa sababu aliniamini.

Jumamosi, 9 Oktoba
Mambo yamekwisha kama ifuatavyo. Mbio za Agosti zimefutwa. Bila hizo Matano ana mbili na Mihambo ana mbili, kwa hiyo msimu huu hauna bingwa. Kombe limerudi kabatini. Kamati imeliandikia duka la Mihambo kwamba hakuvunja sheria yoyote, na duka limejibu kwamba akipona arudi kwenye benchi. Mimi kazi ya ukarani imekwisha. Nilikabidhi daftari la mahudhurio jana, nao vibarua walinipisha njia kama wanavyompisha mgonjwa wa ndui.

Kisarawe hawataki kunisikia. Bibi yangu ametuma ujumbe nisiende mpaka aniite. Pazi amepita mbele ya nyumba akasema kwa sauti, bila kunitazama: "Kuna mtu ameua mara mbili. Kwanza Mnyamwezi wa watu, halafu Matano wetu." Nilikuwa ndani nyuma ya mlango. Sikutoka.

Jumatatu, 11 Oktoba
Nimetoka kwa Mihambo. Anakaa kwa ndugu yao, Mnyamwezi mwenye kiduka karibu na soko la Kisarawe, mpaka atakapopata nguvu ya kurudi Dar. Nilikwenda peke yangu. Mwanahalima alitaka kunifungia kuku, halafu akamwachia.

Biasha ndiye aliyenifungulia. Alikuwa ameshajua, barua ya kamati walisomewa siku ya Jumamosi. Hakunifukuza. Akanionyesha mkeka, akaniletea chai. Mihambo alikuwa amekaa kwenye kiti, magongo yameegemezwa ukutani, na ule mguu wa suruali usio na kitu umekunjwa vizuri na kufungwa kwa pini. Nikamsalimu. Akaitika. Nikangoja anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi ya kila aina, na mengine niliyatamani.

"Nimekuja kusema mwenyewe," nikasema. "Hospitalini nilisema, ukadhani utani, nami nikaacha iwe utani. Haikuwa utani. Niliona unakuja, nikaficha bendera. Nisamehe, au usinisamehe, lakini ujue macho yako yalikuwa mazima."

Mihambo akatazama mikono yake. "Wiki saba," akasema. "Wiki saba nimelala nikijiuliza nilikuwa naangalia wapi. Nimejichunguza kama mwizi."

Hapo Biasha, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, akauliza swali. Sauti yake ilikuwa ya kawaida tu, kama anauliza njia.

"Yeye hakumbuki. Wewe ndiye wa mwisho kumwona akiwa na miguu miwili. Alikuwaje alipokuwa anakuja?"

Katika daftari hili, tarehe 16 Agosti, nimeandika kwamba uso wake sikuuona, jua lilikuwa machoni mwangu. Jua lilikuwa mgongoni kwangu. Nilidanganya hata humu, ambamo hakuna msomaji.

Nikamwambia Biasha ukweli. Nilimwambia alikuwa anacheka. Alipotokeza kwenye mteremko mumewe alinitambua, na badala ya kutazama barabara akanitazama mimi, kwa sababu hapakuwa na bendera na akajua njia ni salama, amesimama mtani wake pale. Akatoa mkono wa kulia kwenye usukani, akauinua juu kunisalimu. Mdomo ulikuwa wazi, anataka kuniita. Gurudumu lilipoingia shimoni alikuwa ameshika kwa mkono mmoja.

Mtoto akalia kidogo, Biasha akamtikisa akanyamaza. Mihambo aliendelea kutazama mikono yake, kisha akaugeuza ule wa kulia, akaufungua na kuufumba, mara moja.

"Basi nilikuona," akasema.

"Uliniona."

Biasha akachukua kikombe changu kilichokuwa na chai nusu, akatoka nacho, nikasikia anaimwaga nje na kukisuuza. Nikaelewa nisimame. Nikasimama. Mihambo akavuta magongo yake, nikamwambia asijisumbue, lakini akajiinua, akanisindikiza mpaka kizingitini, kama anavyosindikizwa mgeni asiyezoeleka, hatua moja na pumzi, hatua nyingine na pumzi. Pale mlangoni nilimtazama, bado nangoja neno lolote baya, au hata aniite mtumwa wake.

"Ahsante kwa kuja, Bwana Maneno," akasema. "Safari njema."